Mtumbwi Uliokuwa Birika la Ndama

Chai niliyopewa haikuwa na sukari, na hapo ndipo nilipojua kuwa sikupotea njia. Nilikuwa nimeketi mkekani katika chumba cha wanawake, mjini Garissa, mgongo wangu ukutani, miongoni mwa wageni waliokuja kutoa pole, na ni mimi peke yangu niliyejitanda leso ya maua pale ambapo wengine wote walivaa jilbabu. Kila kikombe kilichopita mbele yangu kilikuwa kitamu hata midomo ya waliokunywa ilinatana. Changu kilikuwa na maziwa, iliki na uchungu wa majani, vile vile ninavyopenda tangu ujana, na mwanamke aliyenipa hakuwa ameniuliza chochote. Alikuwa mrefu, wa miaka thelathini na kitu, na alisimama mbele yangu na sinia mkononi akinitazama nikimeza funda la kwanza. "Hooyo alisema mwalimu hanywi sukari," akasema, akimtaja mama yake, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyesoma. "Mimi ni Sahra." Niliweka kikombe chini nimtazame vizuri. Mara ya mwisho kumwona Sahra karibu alikuwa na miaka saba, hana meno mawili ya mbele, na alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi nilioutia majini mimi mwenyewe.

Habari za msiba nilizipata kwa simu kutoka kwa mwalimu mkuu wetu wa zamani, ambaye siku hizi kazi yake ni kulea wajukuu na kutangaza vifo. "Halima wa ng'ambo ametutoka," aliniambia. "Wamemzika jana." Nilisema pole, nikakata simu, nikaendelea kupalilia maharagwe mpaka mwisho wa mstari, kisha nikaingia ndani nikafunga begi. Watoto wangu waliniuliza ni nani huyo wa kunipandisha mabasi mawili kwa siku mbili. Ni mwanamke niliyekuwa jirani yake mwaka mmoja tu, kuanzia 1997, kule Ijara, na tangu hapo sikumwona wala kumwandikia. Mimi ni mtu wa kununa. Nikinuna nanuna kwa miaka, na wakati mwingine nasahau aliyeniudhi ni nani, hata nikaja kugundua baadaye kwamba ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopelekwa kufundisha darasa la kwanza katika shule moja upande wa Kotile. Nilikotoka ni kando ya ziwa, na kwa habari hii hilo latosha. Nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kuta na paa, na mchana kiliwaka joto hata mshumaa ulijipinda mezani bila kuwashwa. Nilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, redio iliyokubali kusema asubuhi tu, na dirisha moja. Dirisha lilitazama desheg, ndivyo wenyeji walivyoliita bonde refu ambalo mto Tana uliwahi kupita zamani, ukalihama na kuliachia maji ya kusimama. Ng'ambo ya desheg palikuwa na kijiji kidogo cha wafugaji, vibanda kumi hivi juu ya mwinuko, na nyuma yake ndipo ulipopita mto wenyewe. Walimu wenzangu walikuwa wanaume, wenyeji, nao walirudi makwao kengele ya mwisho ikilia. Kuanzia hapo hadi asubuhi sikusikia neno hata moja lililosemwa kwa ajili yangu. Niliishi kwa maneno ya kudokoa, ya watu waliopita nje ya mabati.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba omena wangu, dagaa wa ziwani kwetu, walikuwa wametangaziwa vita. Nililetewa mfuko mzima kutoka nyumbani, na jioni nilipowakaanga harufu ilitoka ikaenda kutembea. Wanawake waliokwenda kuchota maji wangefika usawa wa ukuta wangu, wapunguze mwendo, na katikati ya Kisomali chao watupie Kiswahili ili nami nipate riziki yangu. "Mwalimu nabika wadudu," alisema mmoja. "Wadudu ya maji," mwingine akamsahihisha. Nilikaa juu ya kitanda na sahani mapajani, nikitafuna polepole ili wasinisikie. Watu wa ng'ombe hawali samaki, hilo nilikuwa nimeambiwa Nairobi, lakini hakuna aliyenieleza jinsi mtu anavyojisikia kula chakula cha kwao kama anayeiba. Nilianza kupika usiku tu, dirisha nimelifunga, jasho likinitiririka mpaka kwenye sufuria.

Halima alikuja kujionea mwenyewe. Alibisha kwa kiganja, akaingia kabla sijajibu, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tano hivi, shingo ndefu, leso nyekundu kichwani, akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Aliinama juu ya sahani muda mrefu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Hii yote iko na macho," akasema mwishowe. Nikamjibu kwamba hata mbuzi ana macho. Alifikiri, kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko chumba. "Abaayo, wewe takufa na njaa hapa. Kesho mimi naleta chakula." Abaayo ni dada, ndivyo wanawake wa kule wanavyoitana, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa jina lolote la udugu tangu nishuke kwenye lori. Alileta anjera, chapati zao laini za unga uliochachuka, zilizokunjwa kwenye kitambaa na chupa ya chai. Nilionja chai nikakunja uso, nikamwambia mimi sukari hainipandi. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. Tangu siku ile, mara mbili tatu kwa wiki, alizunguka mwendo wa saa moja na nusu kuniletea anjera na chupa mbili, yake tamu na yangu chungu, tukanywa mlangoni tukitazama upande wa kwake.

Ni katika vikao hivyo nilipojua jambo lililomkalia moyoni. Sahra, mwanawe pekee, alikuwa anarudia darasa la kwanza, si kwa uzembe, bali kwa sababu mvua zikija desheg hujaa, ncha zake hushikana na mto, na njia ya kuzunguka hufa. Watoto wa ng'ambo walikuwa wamekosa shule muhula mzima. Baba yake Sahra, aliyekuwa na ng'ombe upande wa Hulugho, alikuwa amesema neno lake: mvua hii ikimzuia tena, mtoto atakwenda Hulugho kuchunga mbuzi, maana mbuzi hawafungi shule. "Mimi iko kichwa ngumu, sikusoma," Halima aliniambia. "Lakini siku barua ya hosbitali nakuja, nataka mtoto wangu asome. Si mtu mwingine asome." Alipokuwa anasema hayo alikuwa anawanywesha ndama wake kwa macho, upande wa pili, pale walipojipanga kwenye birika refu la mbao. Nikatazama birika. Lilikuwa limechongoka kwa mbele na pana kwa nyuma, na ubavuni lilikuwa na kiraka cha bati kilichopigwa misumari kwa mpangilio ninaoujua. Nikamwambia, "Halima, ule ni mtumbwi."

"Ile ni birika," akasema. Nikasisitiza. Tulibishana kwa siku tatu, na siku ya nne nilizunguka nikaenda nikaingia ndani yake miguu mitupu, katikati ya ndama, nikapiga magoti na kuonyesha kwa mwiko jinsi watu wa kwetu wanavyokwenda. Wazee wawili waliokuwa karibu walitoka nje ya vibanda kutazama kichaa. Ilikuja kujulikana kwamba mafuriko ya zamani yaliuleta kutoka kwa wakulima wa juu ya mto, hakuna aliyekuja kuudai, na watu wa ng'ombe wakaupa kazi waliyoielewa. Halima alizunguka mtumbwi akiupapasa, kama mtu aliyeambiwa kuwa mjakazi wake ni binti wa sultani. Kisha akauliza swali moja, kama mtoto wa miaka saba anaweza kuuendesha. Nilimwambia mimi nilianza na mitano. Ilikuwa kweli, na nilivimba kichwa kwa kuisema.

Tulianzia mavumbini. Watoto wa ng'ambo walikuwa sita, mkubwa akiwa na miaka tisa, na kila siku baada ya masomo niliwapanga juu ya benchi kwenye kivuli cha ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kasia fupi nililochonga kutoka kwa dawati lililovunjika. Niliwafundisha kushika kichwa cha kasia kama unavyoshika mwiko wa ugali, kuchota karibu na ubavu na si mbali, kutotazama kasia. Vumbi lilitutia chafya. Mwalimu mkuu alipita akasema hajawahi kuona safari ya namna hii isiyofika popote. Baada ya wiki mbili tukaburuta mtumbwi hadi kwenye dimbwi lililobaki katikati ya desheg, ambapo maji yalinifika kifuani. Hapakuwa na mamba msimu ule, lakini watoto hawakukubali kukanyaga mpaka wapige maji kwa fimbo na kupaza sauti, kama wanavyofanya kabla ya kunywesha ng'ombe mtoni. Niliwaacha. Nilitembea ndani ya maji nikishika ukingo wa mtumbwi, nguo zimenilowa, na Halima alisimama ukingoni leso yake akiwa ameiuma kwa meno.

Shida ilikuwa kwenda pamoja. Nilihesabu moja, mbili, moja, mbili, kama tulivyofanya ziwani, na makasia yaligongana kama vijiko kwenye beseni. Hesabu kwao ilikuwa kitu cha ubaoni, kitu cha kujibu na kuogopa kukosea, kwa hiyo kila niliposema mbili walinitazama kuona kama ni sawa. Siku ya tatu ya mgongano Sahra aliacha kunisikiliza. Akaanza kuimba kwa sauti nyembamba, na wale watano wakamjibu kwa pamoja, na kwenye kila jibu makasia sita yakaingia majini kwa mara moja. Mtumbwi ukaniponyoka mkononi. Ulikuwa wimbo wa kisimani, ule ambao wakati wa kiangazi wanaume huwaimbia ng'ombe wakipandishiana ndoo, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Mmoja huita, wengine hujibu, na ndoo hutua mkononi kwenye jibu. Sahra alinieleza sheria yake baadaye, kwa uzito wa mtu mzima: mwenye kuita ndiye peke yake anayeweza kunyamaza, maana wewe ukiacha kujibu, ndoo namwangukia mtu wa chini. Nilisahau hesabu zangu zote. Ukingoni Halima aliitoa leso mdomoni, akaimba nao.

Jambo moja tu nililowapa ni langu kamili, na ndilo lililotuponza. Kwetu ziwani kanuni ya kuvuka ni fupi: chagua kitu cha ng'ambo, mti au jiwe, elekeza pua ya mtumbwi hapo hapo, na usikiondolee macho. Kule ng'ambo ya Halima palikuwa na mkoma mmoja mrefu, umesimama peke yake pale tulipotaka watue. "Macho kwenye mkoma," niliwaambia kila siku, nao wakanijibu kwa pamoja, macho kwenye mkoma, mpaka ikawa salamu yetu. Nilikuwa nimevushwa mto pale Masalani mara mbili. Niliwaona wavushaji wakipanda juu kwanza, mkondo unakotoka, wakiambaa ukingo kwa muda mrefu, ndipo wanakata maji, na nilikaa pale nikijisemea kuwa watu hawa wanapenda kupoteza wakati. Sikuuliza. Nilijua maji tangu sijajua kusoma, nani angenifundisha?

Mvua ilianza mapema mwaka ule, ile ambayo redio iliiita El Nino, na desheg likajaa ukingo hadi ukingo. Siku ya kwanza ya kuvuka kwa kweli Halima alimshika Sahra mabega akamgeuza anitazame, mimi niliyekuwa nimezunguka alfajiri kabla njia haijafa. "Mwalimu, sikia. Mimi hii mtoto si kubea mtumbwi. Nakubea wewe." Nikasema amenipa mimi, nami nimempokea. Nilivuka nao, nikiwa nyuma kabisa, na kuanzia kesho yake walivuka peke yao, asubuhi na mchana. Kwa wiki mbili nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi hadi leo. Asubuhi niliamka na kufungua dirisha kusubiri ule wimbo. Ungeanza mbali, sauti moja nyembamba na jibu, halafu pua ya mtumbwi ingetokea kwenye ukungu, na nyuma yake, chini ya mkoma, leso nyekundu ikisimama mpaka wa mwisho akanyage ardhi ya shule. Halima alinyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu. Hatukuweza tena kunywa chai pamoja, lakini sikuwa peke yangu.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Mvua haikunyesha kwetu kwa siku mbili, na nilidhani mambo yanatengemaa. Kumbe maji yalikuwa yamenyesha kwingine, huko juu milimani, na yalikuwa njiani kuja. Adhuhuri niliona povu na vijiti vikipita mbele ya dirisha kutoka kulia kwenda kushoto, nikasema ni upepo. Mtu wa mto angeona kwamba desheg limepasuka na limekuwa mto tena. Mimi ni mtu wa ziwa, na ziwani kila kitu ni upepo. Saa nane niliwasukuma kutoka ukingoni. "Macho kwenye mkoma," nikasema. "Macho kwenye mkoma," wakajibu, na Sahra akaanza kuita.

Walipofika theluthi ya njia mkia wa mtumbwi ulianza kuteleza. Walifanya nilivyowafundisha, wakairudisha pua kwenye mkoma. Ukateleza tena, wakairudisha tena. Kila walipouelekea mkoma walikuwa chini yake zaidi, mpaka wakawa wanapiga makasia kuelekea juu huku wanakwenda chini kinyumenyume, macho yao sita kwa sita bado yako kwenye ule mti uliokuwa unawakimbia. Nilipaza sauti wauache, waelekee ukingo wowote, lakini hawakunisikia kwa wimbo wao. Nikakimbia. Upande wa pili Halima naye alikimbia. Tulikwenda sambamba, yeye kwake mimi kwangu, maji katikati yetu na watoto juu ya maji, mimi nimepoteza kiatu kimoja, yeye leso imemdondoka mabegani, na muda wote ule wimbo ulikuwa unaendelea, kuita na kujibu, haukuharakishwa wala haukukatika. Nimejaribu kuwaeleza watu jinsi ilivyokuwa kuusikia. Siwezi.

Mtumbwi uliingia katikati ya migunga iliyofunikwa na maji, upande wa Halima, ukakwama kwenye matawi. Wanaume wa kijiji walikuja na kamba za kisimani, wakajifunga viunoni, wakawaendea na kuwatoa mmoja mmoja. Jua lilikuwa linakaribia kuzama walipomaliza. Wote sita walikuwa wazima, wamechanwa na miiba tu. Mimi nilisimama upande wangu, hatua mia mbili kutoka kwao, nikaona Halima akiweka mkono juu ya kila kichwa, na cha mwisho kilikuwa cha Sahra, bado ameshika kasia. Nikamwita Halima. Niliita mara tatu. Aliinua uso akanitazama, kisha akamfunika mwanawe kwa leso akageuka. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Baada ya hapo maji yalitutenga kwa miezi mitatu. Shule ilifungwa kwa kukosa watoto. Nilikaa kwenye chumba cha mabati na mbu, nikapata homa, nikapona, nikala omena mchana kweupe dirisha likiwa wazi, na hapakupita mtu wa kuwasema. Nilitamani kusikia mtu akisema ninapika wadudu. Ng'ombe walianza kufa kwa ugonjwa, na harufu ilitufikia sote. Kila asubuhi nilitafuta moshi wa Halima, wa tatu kutoka kwenye mkoma, nikiuona nilikaa chini. Mara chache alasiri, maji yalipotulia, niliona mtu mzima ndani ya mtumbwi karibu na ukingo wao, anazunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa, na mtoto pembeni akielekeza kwa mkono. Nilidhani ni mmoja wa wajomba, na nikajua maana yake: wameuchukua mtumbwi, wanajifunza wenyewe, hawamtaki tena mwalimu. Nilifunga dirisha. Siku nyingine nililiacha limefungwa kutwa nzima kwa sababu hiyo.

Njia ilipokauka, ingawa desheg bado lilikuwa na maji, watoto watano walirudi shule, kwa miguu, wakizunguka. Sahra hakuja. Niliwauliza, wakatazama vidole vya miguu. "Hooyo yake nakataa," alisema mkubwa wao. Nilimtuma mwalimu mkuu aniombee msamaha, kwa sababu mimi mwenyewe nilifika nusu ya njia mara mbili nikarudi. Alileta jibu la neno moja. "Amesema ungoje." Ningoje nini? Nililipokea kama mtu anayeambiwa asimame nje ya mlango, na nikanuna. Hofu niliivisha kiburi, nikaomba uhamisho. Barua ilipokuja sikumwambia mtu zaidi ya mwalimu mkuu. Nilitafuta lori la mbuzi linaloondoka Jumamosi kabla ya mapambazuko, maana nisingestahimili kuondoka mchana, watu wakinitazama, na leso nyekundu isitokee chini ya mkoma. Niliweka ufunguo chini ya jiwe. Nilikaa mbele na dereva, na tulipopita ncha ya desheg nilitazama upande mwingine.

Haya yote nilimweleza Sahra pale mkekani, kwa sauti ya chini, wanawake wengine wakiendelea na dua zao. Nilisema nilichokuja kusema, kwamba aliyempokea kutoka mkononi mwa mama yake nilikuwa mimi, na kwamba nilimpeleka majini kwa ujinga. Alisikiliza mpaka mwisho. Ana utulivu wa wauguzi, na ndivyo alivyo, muuguzi, barua za hospitali anaandika yeye. "Habaryar," akaniita, yaani mama mdogo, dada wa mama, "yule mtu kwenye mtumbwi hakuwa mjomba."

Akaniambia kwamba usiku ule wa mafuriko mama yake alikuwa amesema maneno mawili tu. La kwanza, baba yake asijue. La pili, Sahra hatarudi shule, hata kwa miguu, mpaka yeye mwenyewe aweze kumfuata majini. Kwa hiyo Sahra, wa miaka saba, alimfundisha mama yake kila alasiri maji yalipotulia, kwa maneno yangu yale yale, kushika kasia kama mwiko, kuchota karibu na ubavu. "Alikuwa mzito," Sahra akasema. "Alilia kwa hasira. Aliogopa maji kuliko fisi. Lakini alijifunza, halafu akaenda Masalani kuwatazama wavushaji kutwa nzima, akarudi akaniambia mwalimu amekosea kitu kimoja tu." Tangu mwaka uliofuata alimvusha yeye mwenyewe kila mvua, akipanda juu kwanza, mpaka Sahra alipomaliza darasa la nane.

Nikamuuliza ni lini walivuka mara ya kwanza. Nilijua jibu kabla hajajibu, nilijua kwa jinsi alivyotazama kikombe changu. "Jumamosi," akasema. "Jua lilikuwa limetoka tu. Hooyo alitaka wewe uone. Alikuwa amepika anjera, amebeba chupa moja. Tulipofika mlangoni palikuwa na kufuli." Walikaa pale pale tulipokuwa tukikaa, wakingoja, mpaka mwalimu mkuu alipopita akawaambia. "Nilikuwa na kiu nikamiminiwa chai, nikaitema. Haikuwa na sukari. Hooyo aliimaliza yote, kikombe baada ya kikombe. Mimi nilimwambia aimwage tu. Akasema hapana, hii ni ya mwalimu."

Chai yangu ilikuwa imepoa mkekani. Niliichukua nikainywa mpaka majani ya chini, nikilia bila kujificha, na Sahra akanimiminia nyingine. Wakati ule Halima akinywa chai yangu mlangoni pangu, mimi nilikuwa karibu nifike daraja la Garissa, kati ya dereva na dirisha, najipongeza kwamba nimeondoka bila kumsumbua mtu.